Jeshi likifanya mazoezi jirani na makazi: hofu ipi ina msingi, ipi haina?

#1 Kipanga wa Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Tangazo la mazoezi ya kijeshi likitoka huwa na sentensi moja isiyokosekana: "wananchi wasiwe na taharuki". Kabla jua halijazama, taharuki imeshazunguka makundi yote ya WhatsApp. Picha ya malori ya jeshi barabarani, na kila mtu na tafsiri yake: kuna mapinduzi, kuna wageni wanaletwa kuchukua ardhi, kuna maandamano yanataka kuzimwa.

Mfano wa hapa nyumbani mnaukumbuka. Mwaka 2016 Chadema, chama cha upinzani Tanzania, walitangaza UKUTA, maandamano ya nchi nzima, kwa tarehe 1 Septemba. Tarehe hiyohiyo ndiyo siku ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ), lililoundwa 1 Septemba 1964, kwa hiyo lilikuwa linatimiza miaka 52. Kabla ya hapo askari polisi walishaonekana wakifanya mazoezi mitaani kweupe. Mbowe, mwenyekiti wao wa wakati ule, akatangaza kuahirisha tarehe 31 Agosti, na kesho yake gumzo kubwa likawa kupatwa kwa jua kule Rujewa. Ila ubishi wa "yale yalikuwa mazoezi au vitisho?" haujafungwa mpaka leo.

Naomba wenye ujuzi washushe nondo. Mwananchi wa kawaida anatofautishaje mazoezi na operesheni? Na madhara ya kweli ya mazoezi ni yapi? Siasa za vyama zina jukwaa lake, tafadhali.

#2 Lindo la Nne

Mkuu Kipanga, achana na malori. Jeshi linapanda malori likienda vitani na linapanda malori likienda kupanda miti. Tazama silaha na watu wanaozizunguka.

Mazoezi ya makabiliano, yaani vikosi viwili vinapochezeana uadui, hutumia risasi baridi. Risasi baridi haina kichwa. Mdomo wa ganda umebanwa kwa mikunjo. Kwa sababu hakuna kichwa cha kuziba mtutu, gesi inatoka mbele bure na haina nguvu ya kurudisha bolti nyuma, hivyo bunduki inagoma kujikoki. Ndiyo maana hufungwa kizibo mdomoni mwa mtutu. Kwa Waingereza wenye bunduki ya SA80 kizibo ni cha njano, kwa Wamarekani wenye M16 ni chekundu. Ukiona kikosi kizima kina vizibo vya rangi, hicho hakijajiandaa kupiga risasi za moto: risasi ya moto ikikutana na kizibo inaweza kukipasua na kumdhuru mpigaji mwenyewe. Kwa AK kipo kizibo cha kufunga kwa uzi wa skrubu, mara nyingi hakina rangi ya kuonekana mbali, kwa hiyo kwa majeshi mengi ya kwetu usitegemee kipimo hiki peke yake.

Kipimo cha pili ni waamuzi. Mazoezi yana watu wanaotembea katikati ya pande mbili bila kujificha, wana kitambaa mkononi au fulana ya rangi, wanaandika nani "amekufa" na nani ameendelea. Gari la wagonjwa limeegeshwa mahali pa wazi. Operesheni haina mwamuzi.

Sehemu ya pili ya mazoezi ni ya risasi za moto, na hapa ndipo wananchi wanapohofia kisichofaa na kuacha kinachofaa. Watu hudhani risasi inaishia kwenye shabaha. Kwa takwimu za vitabu vya jeshi la Marekani, risasi ya M16 ya milimita 5.56 inaweza kufika mita 3,600. Ya bunduki rashasha ya milimita 7.62 inafika mita 3,725. Ya 12.7, ile "hamsini", inapita mita 6,700. Huo si umbali wa kulenga, ni umbali ambao risasi iliyopotea bado inaweza kukuua. Mchungaji aliye kilomita mbili nyuma ya shabaha, akiwa hasikii vizuri hata milio, yuko ndani kabisa ya eneo la hatari. Kilima nyuma ya shabaha kinapunguza hatari hiyo, lakini risasi ikigonga jiwe inaruka pembeni, ndiyo maana eneo la hatari huchorwa likiwa na mbavu pana kushoto na kulia na si mstari ulionyooka.

Bendera nyekundu mchana, taa nyekundu usiku. Ikiwa juu, hata kama kumekuwa kimya saa nzima, usipite. Kimya kirefu mara nyingi ni watu wanabadilisha zamu au wanajaza risasi.

#3 Mpitanjia

Naweka kambi hapa. Kwa hiyo zikiwa risasi baridi hakuna hatari yoyote?

#4 Lindo la Nne

Ipo. Mita chache mbele ya mtutu kuna gesi ya moto na chembe za baruti ambazo hazijaungua, zinatosha kupofusha jicho. Watoto wanaosogelea kuangalia "sinema" ndio wanaoumia hivyo.

Ila hatari kubwa zaidi ni mchanganyiko: risasi moja ya moto iliyosahaulika kwenye magazini. Kikosi makini hakigawi aina mbili siku moja. Kabla ya kuanza, kila askari anamwaga magazini na mifuko mbele ya mkubwa wake, anakaguliwa, anatamka kwamba hana risasi ya moto, ndipo anapewa baridi. Ajali za "mazoezi yaliyoua" katika majeshi mengi huanzia pale ukaguzi huu unaporukwa kwa sababu ya uchovu au haraka ya alfajiri.

#5 Nanyuki Kaskazini

Salamu kutoka upande wa Kenya. Ndugu Kipanga, ukitaka mahali ambapo wasiwasi wa wananchi umepimwa mpaka mahakamani, soma habari za Laikipia na Samburu.

Jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi Kenya tangu uhuru. Kitengo chao kinaitwa BATUK na makao yako Nanyuki. Wanaokaa pale mwaka mzima ni mia kadhaa tu. Wengi huja kwa zamu. Chini ya utaratibu wa miaka mingi, batalioni sita za askari wa miguu zilikuja kila mwaka, kila moja kwa takriban wiki sita. Maeneo yenyewe ni ya aina mbili, na tofauti hii watu huichanganya: kuna uwanja wa jeshi la Kenya kama Archers Post kule Samburu, na kuna ranchi za watu binafsi Laikipia, mfano Lolldaiga yenye karibu ekari 49,000, ambazo zinakodishwa. Kwenye ranchi ya kukodi mwenye ardhi ndiye anayelipwa. Jirani wa ranchi, ambaye ng'ombe wake wanakunywa mto uleule, hayumo kwenye mkataba.

Sasa angalia uvumi na ukweli vilivyopishana. Uvumi wa miaka yote mitaani: wanachimba madini usiku, wanajaribu dawa, wanajenga kituo cha siri. Lakini kilichowafikisha mawakili London ni mabomu yaliyobaki malishoni. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 waliojeruhiwa, au waliopoteza ndugu zao, kwa mabaki ya milipuko kuzunguka Dol Dol na Archers Post. Walikubali lawama kwa kiasi tu, na hoja yao ilikuwa kwamba viwanja hivyo vinatumiwa na majeshi mengine pia. Hoja hiyo itarudi kila mara kwenye madai ya aina hii: "bomu ni la nani?"

Kisha moto. Tarehe 24 Machi 2021, wakati wa mazoezi, Lolldaiga iliwaka na zaidi ya ekari 10,000 zikateketea. Sababu inayotajwa zaidi ni jiko la kambini lililopinduliwa. Si kombora, si silaha ya ajabu. Wanajamii na shirika la mazingira walikwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi Nanyuki, na mwaka 2022 mahakama ikasema ina mamlaka ya kuisikiliza kesi. Mwaka 2025 ikaisha kwa makubaliano: pauni milioni 2.9 kwa wadai 7,723. Gawanya mwenyewe, ni wastani wa pauni 375 kwa kichwa, kwa kesi ya miaka minne kuhusu moshi, malisho na mifugo.

Mwezi Machi Laikipia nyasi zimekauka, mvua ndefu bado. Mtu anayepanga mazoezi ya kutumia chochote kinachowaka wakati huo bila kukata njia za kuzuia moto na bila lori la maji karibu, anajua anachokaribisha.

#6 Fyuzi Kichwani

Nichukue hapo kwenye mabomu yanayobaki, maana watu huuliza "kwa nini bomu lisilipuke pale lilipoanguka?" halafu wanajijibu kwamba yaliachwa makusudi.

Kombora la mota, yaani mzinga mdogo wa kurusha juu, lina fyuzi (kifaa cha kuanzisha mlipuko) kichwani. Likiwa kwenye sanduku fyuzi imefungwa kwa usalama, ndiyo maana unaweza kulibeba kwenye lori. Likifyatuliwa, ule msukumo wa ghafla ndani ya mtutu unafungua kizuizi cha kwanza, kisha baada ya kusafiri kidogo fyuzi inakuwa tayari. Likigonga ardhi kwa kichwa, pini inachoma kiwashio, kiwashio kinawasha baruti kuu. Mnyororo huu ukikatika sehemu moja tu, kombora linalala. Linakatika wapi? Udongo laini au tope: kombora linazama bila kugongwa kwa nguvu. Pembe mbaya: linatua kwa ubavu na kuteleza. Matawi: linaguswa na mgunga, linapoteza mwelekeo. Fyuzi ya zamani iliyoota kutu au iliyotunzwa pabaya. Laikipia na Samburu unapata udongo mweusi wa kunata wakati wa mvua na mgunga kila upande, yaani sababu mbili kwa pamoja.

Jambo la kulielewa: kombora lililolala baada ya kupigwa ni hatari kuliko lililo kwenye sanduku. Usalama wake umeshafunguliwa. Pini inaweza kuwa imebaki nusu ya unywele kutoka kwenye kiwashio. Miaka kumi juani na mvuani haiipunguzii nguvu baruti kuu. Inachofanya ni kuozesha vipande vya chuma vilivyokuwa vinaizuia pini.

Rangi. Kwa utaratibu wa NATO, kijani cha jeshi chenye mstari wa njano ni baruti kali. Buluu ni la mafunzo. Kijani hafifu ni la moshi, na lenye fosforasi nyeupe huwa na alama ya ziada. Jeupe ni la mwanga. Nimeyataja ili uweze kueleza ulichokiona unapotoa taarifa, si ili uamue kama unaweza kulishika. Kwanza kutu inafuta rangi. Pili, hata la buluu la mafunzo linaweza kuwa na baruti kidogo ya kuonyesha mahali lilipoangukia, na "kidogo" hicho kinakata vidole. La fosforasi lililopasuka nusu linaweza kukaa limezibwa na udongo, mbuzi akalifukua, likapata hewa na kuwaka lenyewe.

Ukikutana nalo:

Simama. Usilisogelee kupiga picha ya karibu. Ukiona moja, tarajia mengine, maana mota hupigwa kwa mfululizo.

Geuka na urudi kwa nyayo zako ulizojia. Usikate njia mpya.

Ukishafika mbali, weka alama inayoonekana: mawe yaliyorundikwa, kitambaa chekundu mtini upande unaoelekea njia ya watu. Usirushie kitu, usichome nyasi kulizunguka.

Piga simu ukiwa mbali, si pale lilipo. Kenya ni 999 au 112, au mwambie chifu. Sema umbo, urefu kwa kulinganisha na mkono, kama lina mapezi, rangi, na alama za mahali: mto gani, mti gani, umbali gani kutoka barabarani. Simu yenye ramani inakupa nambari za mahali hata bila mtandao, zinakili.

Wazuie watoto na mifugo mpaka wataalamu wafike. Hii ndiyo hatua inayoshindikana zaidi, kwa sababu wataalamu wanaweza kuchukua siku.

#7 Jicho la Tatu

Mnatupiga chenga kitaalamu. Mnaongelea fyuzi na vizibo wakati swali ni moja: kwa nini jeshi lifanye mazoezi kwenye raia badala ya jangwani? Mazoezi ni kisingizio. Unawazoesha watu kuona wanajeshi barabarani, siku ya siku hawashtuki. Hata Marekani wananchi walishtukia wakapiga kelele.

#8 Mswahili wa Austin

Jicho la Tatu, nadhani unazungumzia Jade Helm 15. Tuiangalie, maana ni darasa zuri.

Kamandi ya vikosi maalumu ya Marekani ilipanga mazoezi kuanzia 15 Julai hadi 15 Septemba 2015, askari wapatao 1,200, katika majimbo kadhaa ya kusini na magharibi, Texas ikiwa kiini. Slaidi za maelezo zikavuja mtandaoni. Kwenye ramani Texas na Utah zimepakwa nyekundu na kuandikwa "adui". Kwa mpangaji wa mazoezi hilo ni jambo la kila siku, lazima kipande fulani cha ardhi kiwe cha adui wa kubuni. Kwa mkazi wa Texas asiyempenda rais aliyekuwepo, ni serikali yake imeandika kwa maandishi kwamba yeye ni adui. Wakati uleule Walmart ikafunga maduka 5, mawili yakiwa Texas, ikisema mabomba yana matatizo. Watu wakaunganisha: maduka yatakuwa mahabusu, kuna njia za chini kwa chini.

Tarehe 27 Aprili luteni kanali mmoja alisimama Bastrop mbele ya ukumbi uliojaa na kujibu maswali kwa saa nzima na zaidi. Aliulizwa kama wanakuja kunyang'anya bunduki. Kesho yake gavana Greg Abbott akaamuru kikosi cha ulinzi cha jimbo kifuatilie mazoezi. Alidhani anawatuliza watu. Waliomsikia wakasema "kama gavana ana wasiwasi, basi lipo jambo". Septemba ikafika, mazoezi yakaisha, hakuna aliyenyang'anywa kitu. Mwaka 2018 Michael Hayden, aliyewahi kuongoza CIA, akasema Warusi walikuwa wamechochea uvumi ule mitandaoni.

Swali lako la "kwa nini kwenye raia" lina jibu la kiufundi. Vikosi maalumu hufunzwa kupita katikati ya watu bila kutambulika. Jangwani hakuna wa kumpita. Walikodi mashamba binafsi kwa ridhaa ya wenyewe. Nakubaliana nawe kitu kimoja: waandishi wa habari hawakuruhusiwa kuandamana nao, na hilo liliongeza mafuta motoni bila faida yoyote.

#9 Jicho la Tatu

Kwa hiyo wananchi walikuwa wajinga?

#10 Mswahili wa Austin

Hapana. Walihofia kitu kisichokuwepo, wakaacha kuuliza kilichopo. Hapohapo Marekani kuna mazoezi mengine yanaitwa Robin Sage, ya miaka mingi kuliko Jade Helm, yanafanyika North Carolina katikati ya vijiji na mashamba. Wana nchi ya kubuni, Pineland, na raia wa kujitolea wanaigiza wapiganaji wa msituni.

Februari 2002 naibu sherifu wa Moore County alisimamisha gari lenye wanafunzi wa mafunzo hayo. Yeye hakuwa na habari kwamba kuna mazoezi. Wao walidhani naye ni mwigizaji, sehemu ya mtihani. Wakajaribu kumnyang'anya silaha kama walivyofundishwa. Akapiga risasi za moto: askari mmoja akafa, mwingine akajeruhiwa. Hakukuwa na njama yoyote pale. Kilichokosekana ni taarifa kumfikia ofisa mmoja wa zamu.

Angalia walichobadilisha, maana ndicho mnachoweza kudai popote. Barua rasmi inakwenda kwa mkuu wa polisi wa kila wilaya inayoguswa, kisha mtu wa kikosi anafika ana kwa ana. Wanajeshi wanavaa sare. Raia wanaoshiriki wanavaa kitambaa maalumu cha mkononi. Magari na maeneo yanayotumika yanawekwa alama. Na umma unatangaziwa kabla kwamba kutasikika milio ya risasi baridi na kuonekana fataki za mwanga.

#11 Wakili wa Bonde

Niongeze upande wa sheria, Kenya kwanza.

Mazoezi si sawa na kupelekwa kazini. Ibara ya 241(3) ya Katiba inasema jeshi linaweza kusaidia mamlaka nyingine wakati wa dharura na maafa, na likifanya hivyo Bunge la Kitaifa lipewe taarifa. Kurudisha amani mahali penye machafuko ni lazima Bunge liidhinishe. Kwa hiyo ukiona wanajeshi mtaani, swali si "ni mazoezi kweli?" bali "kuna tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na Bunge limeambiwa?" Juni 2024 jeshi lilipotolewa wakati wa maandamano, tangazo hilo lilikuwepo, na ndilo lililopelekwa mahakamani kuhojiwa. Majeshi ya kigeni yana ibara yake, 240(8): Baraza la Usalama wa Taifa, kwa idhini ya Bunge.

Unataka taarifa? Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika kwa ofisa habari wa taasisi, taja unachotaka hasa. "Nipeni kila kitu kuhusu BATUK" itakataliwa kwa kifungu cha usalama wa taifa na utakuwa umewarahisishia. Omba tarehe za matumizi ya risasi za moto katika eneo fulani, ramani ya mipaka ya eneo la hatari, na hati ya kuthibitisha kuwa eneo limesafishwa baada ya mazoezi. Hayo hayamsaidii adui yeyote na ni vigumu kuyakataa. Wana siku 21. Kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Wakikataa, ndani ya siku 30 nenda kwa Ombudsman, yaani tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Sasa madai ya hasara, ambako watu hushindwa kesi zilizokuwa za kushinda:

Muda. Madai ya madhara dhidi ya Serikali yana miezi 12 tu. Dhidi ya mtu binafsi ni miaka 3. Hujui utamshitaki nani? Hesabu kwa muda mfupi zaidi.

Nambari ya OB (daftari la matukio la polisi). Bila kuripoti polisi siku ile au kesho yake, utaulizwa kwa nini ulinyamaza. Aliyeumia ajaziwe P3, fomu ya polisi ya majeraha, na hospitali imwandikie aina ya jeraha, si "ajali" tu. Maneno "jeraha la mlipuko" yana thamani kubwa.

Mifugo. Mzoga usizikwe kabla daktari wa mifugo hajauona na kuandika. Picha iwe na chapa ya ng'ombe. Bei iwe ya soko la karibu la wiki ile.

Nani aliyetumia uwanja. Hapa ndipo hoja aliyoitaja Nanyuki Kaskazini inapochomoza. Kijiji kiwe na daftari: tarehe, kikosi kipi kilionekana, bendera au sare gani, milio ya aina gani, saa ngapi. Kijana mmoja na kalamu. Miaka mitatu baadaye daftari hilo ni ushahidi, kumbukumbu ya kusimulia inapanguliwa na wakili wa upande wa pili kwa maswali matatu.

#12 Kipanga wa Pwani

Mkuu Wakili, na Tanzania?

#13 Wakili wa Bonde

Kwa ufupi: nanyi mna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, jibu ndani ya siku 30, nayo ina mipaka ya usalama wa taifa. Kuishitaki Serikali kunatanguliwa na notisi ya siku 90. Polisi mnachukua RB (namba ya taarifa yako), na majeruhi PF3, fomu ya matibabu. Daftari la kijiji halina mpaka.

#14 Mama Skrepa

Naomba niulize wataalamu. Vijana wanaookota vyuma chakavu wanaleta maganda ya risasi kwa kilo, shaba inalipa. Tatizo liko wapi kama ganda ni tupu?

#15 Fyuzi Kichwani

Dada, tatizo ni kwamba kilo moja ya maganda matupu inaweza kuwa na moja lisilo tupu. Kabla ya kupima, mwaga chini na utazame kitako cha kila ganda. Lililopigwa lina kishimo katikati pale pini ilipogonga. Lisilo na kishimo halijapigwa. Lenye kishimo lakini mdomo bado umebanwa au una kichwa ni lililogoma, hilo baya zaidi. Hayo mawili yasiingie dukani kwako. Yaache hapo yalipo, watu wasogee, polisi waitwe. Na usikubali kitu chochote chenye mapezi, chenye pete ya shaba kiunoni, au kizito kuliko ukubwa wake. Pete hiyo ya shaba ni ya kombora la mzinga, na vijana hufa wakiigonga kwa nyundo ili waibandue.

Wachoma makaa nao wapo hatarini kwa namna wasiyoijua. Tanuri linawashwa juu ya ardhi ileile kwa siku kadhaa. Kilicho futi moja chini kinapikwa taratibu. Katika eneo lililowahi kutumika kwa mazoezi, chimba kidogo kidogo kwa jembe la mkono ukikwangua, usipige sururu, na mahali penye vipande vya chuma vyenye kingo kali usichome kabisa.

#16 Nanyuki Kaskazini

Turudi kwenye tangazo, maana uzi ulianzia hapo. Matangazo mengi yanaandikwa kumlinda aliyeyatoa. "Mazoezi yatafanyika maeneo ya Samburu Mashariki kuanzia tarehe fulani, wananchi waepuke maeneo hayo." Samburu Mashariki ni kubwa kuliko baadhi ya nchi za visiwani. Mchungaji aepuke wapi, aende wapi?

Tangazo la maana linasomeka hivi, na kamati za wazee zimwekee ofisa uhusiano wa jeshi mezani akubali au akatae kila mstari:

"Jumatatu hadi Alhamisi, saa 12 asubuhi hadi saa 10 jioni, risasi za moto na mota zitapigwa ndani ya eneo lililo kati ya lugga (mto mkavu) hii, kilima hiki, barabara hii na boma hili. Njia ya mifugo ya kwenda kisimani itafungwa saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana. Nje ya saa hizo ipo wazi mradi bendera nyekundu imeshushwa. Ijumaa na Jumamosi kikosi kitapita kusafisha. Eneo lisitumike mpaka chifu atangaze. Usiku wa Jumatano kutakuwa na makombora ya mwanga yanayoshuka kwa mwavuli; ukiona limeangukia nyasi likiwa bado linawaka, piga nambari hii. Anayepokea anazungumza Kiswahili na Kisamburu. Madai ya hasara yapelekwe kwa fulani, ofisi fulani, ndani ya siku kadhaa."

Lisomwe kanisani, msikitini, sokoni siku ya mnada, na redioni kwa lugha ya mama. Wachungaji wengi ni vijana wasiosoma, karatasi iliyobandikwa kwa chifu haiwafikii.

Mstari wanaoukwepa zaidi ni ule wa siku za kusafisha. Kusafisha ni watu kutembea kwa safu, hatua chache kati ya mmoja na mwenzake, eneo lote, wakihesabu: yalipigwa makombora mangapi, yalisikika yamelipuka mangapi, yamebaki mangapi, yamepatikana mangapi. Hesabu isipolingana, safu inarudi. Ni kazi ya jua kali, na ndege ya kurudi nyumbani imeshapangiwa tarehe.

#17 Jicho la Tatu

Hapo kwenye hesabu mmenigusa. Nani anaishika hiyo karatasi ya idadi ya makombora? Na mwananchi anaweza kuiona?

#18 Lindo la Nne

Ofisa usalama wa uwanja ndiye anayeisaini. Kila sanduku la risasi linatoka ghala kwa hesabu na kurudi kwa hesabu, kwa hiyo idadi ya yaliyopigwa ipo, haiwezi kukosekana. Yaliyogoma huandikwa siku ileile, kwa saa na takriban mahali, kwa sababu mpigaji ndiye anayejua alipiga wapi na hakusikia mlio.

Kuiona yote, sahau; ina aina na wingi wa silaha. Omba ukurasa mmoja tu: idadi ya yaliyogoma, idadi ya yaliyoharibiwa, na mahali pa yale ambayo hayakupatikana. Omba kwa njia aliyoieleza Wakili, na useme kwenye barua kwamba ni jambo la uhai ili ihesabiwe kwa saa 48. Kama jibu ni kwamba namba mbili za kwanza zinalingana, mchungaji arudi malishoni. Kama zinapishana kwa mawili, basi mbuzi wasipite pale mpaka hayo mawili yapatikane.